Tuchague tairi la baiskeli kwa namba na mzigo, si kwa sifa

MSIMU wa machungwa unapopamba moto wilayani Muheza, njia za vijijini hujaa baiskeli kabla jua halijachomoza. Nyingi zimefungwa matenga au magunia juu ya keria, na mwenye nayo mara nyingi haipandi bali anaisukuma mpaka kando ya barabara kuu, ambako lori la mnunuzi linasubiri. Hali ni hiyo hiyo kwa anayebeba nazi kutoka mashamba ya Pangani, samaki kutoka Kigombe au mihogo kutoka vijiji vya Mkinga. Wapo pia wafugaji wanaowahi asubuhi na madumu ya maziwa kwenye vituo vya kukusanyia, maziwa ambayo mengine huishia katika kiwanda cha Tanga Fresh.

Ni kweli kwamba bodaboda zimechukua abiria wengi waliokuwa wakibebwa na baiskeli. Lakini mzigo wa mkulima mdogo, ambao faida yake haitoshi kulipia petroli, bado unategemea baiskeli. Si bure kwamba Tanga imejulikana kwa miaka mingi kuwa ni mji wa baiskeli.

Biashara yote hiyo imekaa juu ya matairi mawili. Tairi likipasuka njiani, lori la mnunuzi halisubiri. Machungwa yaliyochelewa hununuliwa kwa bei ya kutupa, maziwa huchacha, na samaki aliyepaswa kufika mjini akiwa mbichi huishia kukaangwa kwa hasara. Kwa sababu hiyo, sisi hatuoni kwamba kununua tairi ni jambo dogo la kumwachia muuza duka aamue.

Katika vipuri vya baiskeli mnunuzi anaweza kukutana na matairi ya aina mbili. La kwanza ni lile tulilolizoea, lenye waya wa chuma kwenye kingo zake. La pili ni tairi la kukunja, ambalo huingia hasa pamoja na baiskeli za gia na vipuri vyake. Hili la pili huuzwa kwa bei kubwa zaidi, na husifiwa kwamba ni la kisasa, ni jepesi na ni imara. Mkulima au mchuuzi anayesikia sifa hizo hujiuliza kama ajikaze alinunue.

Jibu letu ni kwamba kwa mbeba mizigo walio wengi wa ukanda huu, hapana. Tunaeleza sababu zake.

Tofauti iko ukingoni tu

Tairi la baiskeli halikai kwenye rimu kwa gundi wala kwa misumari. Linashikwa na kingo zake mbili. Upepo unapojaa, tairi hutaka kutanuka na kuruka nje ya rimu. Kinachozuia lisitanuke ni kile kilichofichwa ndani ya kingo hizo. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast mwaka 1888, kulitoa na kulirudisha kwenye gurudumu ilikuwa kazi ngumu. Mwaka 1890 Mwingereza Charles Kingston Welch alipata hataza ya tairi lenye waya kwenye kingo, na mpaka leo matairi mengi ya baiskeli duniani yanafuata njia hiyo.

Tairi la kukunja limetumia nyuzi za aramidi badala ya waya. Nyuzi hizo wengi wanazijua kwa jina la kibiashara la Kevlar. Zilitokana na kazi ya mkemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1965, wakati kampuni hiyo ikitafuta uzi mwepesi na wenye nguvu kwa ajili ya matairi. Uzi wa namna hiyo hautanuki kirahisi, haushiki kutu, na unaweza kukunjwa bila kuharibika. Ndiyo maana tairi lake hukunjwa na kutiwa kwenye boksi dogo.

Hapo ndipo tofauti ya aina hizi mbili inapoishia. Ukingo hauzuii mwiba wa mchongoma wala ncha ya jani la mkonge. Kinachozuia mwiba ni unene wa mpira wa juu na tabaka la kinga lililo chini yake. Kinachobeba gunia ni kitambaa cha nyuzi kilichomo mwilini mwa tairi. Tairi la kukunja linaweza kuwa na mwili mwembamba kwa sababu limetengenezwa kwa ajili ya mashindano, na tairi la waya linaweza kuwa na mwili mnene kwa sababu limetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Anayesema kwamba tairi fulani halitoboki kwa sababu ni la kukunja, ama hajui anachouza au anajua na anamficha mnunuzi.

Hesabu ya chungwa moja

Sifa ya kweli ya tairi la kukunja ni wepesi. Tuipime. Ukilinganisha matairi mawili ya aina moja na ukubwa mmoja, moja la waya na jingine la kukunja, tofauti kwa kawaida huwa kati ya gramu 50 na 100. Kwa magurudumu mawili inafika gramu 100 hadi 200. Huo ni uzito wa chungwa moja.

Sasa tuchukue mfano wa mchuuzi mwenye kilo 65, baiskeli ya chuma ya kilo 20, na machungwa ya kilo 80. Jumla ni kilo 165. Kwa mwanamashindano anayeshindania sekunde, gramu 200 ni kitu. Kwa mchuuzi huyu, ni sawa na kupunguza chungwa moja kwenye tenga. Kama tairi la kukunja linauzwa mara mbili ya bei ya tairi la waya, basi mchuuzi amelipa nyongeza ya bei ya matairi mawili mazima ili kupunguza chungwa moja. Hakuna mfanyabiashara ambaye angekubali hesabu hiyo kama angewekewa mezani namna hii.

Fedha hizo zina kazi bora zaidi. Kwa nyongeza ile ile, mtu ananunua tairi la waya lenye mwili mnene, tyubu mpya isiyo na viraka, na kanda ya kufunika vichwa vya spoku ndani ya rimu. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyomfikisha sokoni.

Rimu nayo ina neno lake

Sababu ya pili ni rimu. Rimu nyingi za baiskeli za gia, hasa za aluminiamu, kingo zake za ndani zina mkunjo mdogo kama kulabu. Kulabu hiyo husaidia kulishika tairi la kukunja, ambalo kabla ya kutiwa upepo hulegea kama kitambaa. Lakini rimu za chuma za baiskeli zetu kubwa za breki za fimbo, kama vile Phoenix, Avon, Hero, Raleigh na zile za Swala, hazina kulabu. Zimetengenezwa kwa ajili ya tairi la waya. Kufunga tairi la kukunja juu ya rimu kama hiyo, kisha kuijaza upepo na kuipakia gunia, ni kulitafuta balaa. Tairi linaweza kuchomoka ukingoni, tyubu ikapasuka kwa kishindo na mzigo ukamwagika.

Hatusemi kwamba tairi la kukunja ni baya. Lina watu wake. Anayeendesha baiskeli ya gia yenye rimu za kulabu, anayesafiri mbali bila fundi njiani, anaweza kubeba moja la akiba ndani ya mkoba. Wanamashindano nao wana haki ya kulitafuta. Hata mwenye duka ana faida yake, kwa kuwa matairi 20 ya kukunja huingia kwenye boksi moja la kupakiwa kwenye basi, ilhali 20 ya waya ni mzigo wa kujaza kona nzima ya stoo. Lakini msomaji aone kwamba faida hiyo ya nafasi ni ya mwenye duka. Mnunuzi anayefunga tairi lake siku hiyo hiyo hanufaiki nayo.

Jihadhari na la waya lililokunjwa

Suala la nafasi ndilo linalozaa kosa kubwa kuliko yote. Tairi la waya linaweza kuzungushwa kwa uangalifu likawa duara tatu ndogo bila kuumia, na ndivyo mara nyingi linavyofungashwa. Lakini likikunjwa kwa nguvu kama shati, waya hupinda na kuvunjika moyo. Hata ukilinyoosha, pale lilipopinda hapakai sawa kwenye rimu. Gurudumu hupiga kwata, na siku ya mzigo mkubwa waya unaweza kukatika pale pale.

Mnunuzi afanye uchunguzi wake kabla ya kutoa fedha. Kwanza, achukue sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, aisogeze ukingoni mwa tairi. Ikivuta, ndani mna waya wa chuma. Isipovuta, ni nyuzi. Kwa njia hiyo hatauziwa la waya kwa bei ya la kukunja. Pili, kama ni la waya, aliweke mezani au sakafuni na kulizungusha polepole, akipitisha vidole kwenye kingo zote mbili. Akikuta kona kali au kivimbe, alirudishe. Tatu, alikunje kidogo ubavu na kutazama mpira. Ukionyesha mipasuko midogo midogo kama udongo wa ziwa lililokauka, tairi hilo limezeeka dukani.

Hilo la mwisho linawahusu wenye maduka moja kwa moja. Wengi hutundika matairi mbele ya duka, juani, miezi na miezi, ili wapita njia wayaone. Jua kali huua mpira. Tairi linalotundikwa nje liwe moja la kuonyesha, na yanayouzwa yakae ndani, kivulini, mbali na mafuta.

Namba 26 si moja, na 28 si moja

Watu wengi wakienda dukani husema, "Nipe tairi la ishirini na nane," au "la ishirini na sita." Kwa baiskeli za zamani ilitosha. Sasa haitoshi, kwa sababu baiskeli za mitumba kutoka Ulaya na Japani zimeingia na vipimo vyake.

Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zilizotengwa kwa kistari, kwa mfano 40-635. Huo ni mpangilio wa kimataifa wa ISO. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, nacho kwa milimita. Hiyo ya pili ndiyo isiyokubali kubahatisha.

Baiskeli kubwa ya breki za fimbo yenye tairi la 28 x 1½ hutumia 635. Lakini baiskeli nyingi za mitumba kutoka Uholanzi na Ujerumani, ambazo nazo huitwa za 28, hutumia 622. Tofauti ni milimita 13. Tairi la 622 halitaingia kwenye rimu ya 635 hata fundi akilivuta kwa bisibisi mbili, na la 635 likitiwa kwenye rimu ya 622 litachomoka. Kadhalika, baiskeli ya gia ya 26 hutumia 559, lakini baiskeli yenye tairi la 26 x 1⅜ hutumia 590. Hapo tofauti ni milimita 31, ingawa dukani yote mawili yanaitwa ishirini na sita.

Ushauri wetu ni rahisi. Kabla ya kwenda dukani, soma namba kwenye tairi kuukuu na uiandike kwenye karatasi au kwenye simu. Kama imefutika, nenda na gurudumu lenyewe. Ni aibu ya dakika tano kulibeba gurudumu mitaani Ngamiani, kuliko kurudi Maramba na tairi lisiloingia na nauli imekwisha.

Matunzo ya pwani

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, nayo ni chumvi. Waya wa tairi umefunikwa na mpira, na ukiwa umefunikwa vizuri hauguswi na kutu. Kutu huanza pale fundi anapotumia bisibisi kulitoa tairi na kuuchana mpira wa ukingoni. Maji ya chumvi, hasa yale yanayodondoka kutoka kwenye tenga la samaki juu ya gurudumu la nyuma, huingia humo. Baada ya muda waya hufumuka, na uzi mmoja wa chuma unaochomoza hutosha kutoboa tyubu kila siku huku mwenye baiskeli akilaumu miiba. Mbeba samaki anayetoka soko la Deep Sea aoshe magurudumu yake kwa maji baridi jioni. Fundi naye atumie vyuma bapa visivyo na makali, au mpini wa kijiko.

La pili ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo mzito hujikunja ubavuni kila linapozunguka, kitambaa chake hukatika, na rimu huibana tyubu kwenye kila jiwe. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa kiwango cha upepo. Mwenye mzigo mkubwa akaribie kiwango cha juu bila kukivuka. Kidole gumba cha fundi ni kipimo cha kukisia tu. Pampu yenye geji, hata ikinunuliwa na kikundi, italipa gharama yake.

La tatu ni desturi ya kuhamishia mbele tairi lililochoka nyuma. Ni kweli gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo. Lakini tairi la mbele likipasuka kwenye mteremko, usukani haushikiki. Tairi lililofumuka nyuzi halifai mbele wala nyuma.

Nani afanye nini

Mkoa huu una historia na mpira. Enzi za Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mashamba ya mpira yalienea katika maeneo ya Muheza. Mpaka zama zetu lipo shamba la mpira la Kihuhwi wilayani humo, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Pamoja na hayo, matairi yanayobeba machungwa ya Muheza yanatoka ng'ambo. Maadamu ni hivyo, macho ya mnunuzi na ya wakaguzi wa bidhaa ndiyo kinga yetu.

Tunaliomba Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lisiyaone matairi ya baiskeli kuwa ni bidhaa ndogo isiyostahili kukaguliwa. Tairi bovu la baiskeli humwangusha mtu barabarani mbele ya lori. Waagizaji nao wasikubali kupokea matairi ya waya yaliyokunjwa ili kujaza kontena, kwa kuwa faida ya usafirishaji wanayoipata hulipwa na mkulima. Tume ya Ushindani (FCC) iwafuatilie wanaobandika majina ya kampuni maarufu kwenye bidhaa bandia.

Wenye maduka tunawaomba mambo matatu: wapange matairi kwa namba za ISO na si kwa "ishirini na sita" tu, wamruhusu mnunuzi alichunguze tairi kabla ya kulipa, na watoe risiti. Mteja aliyepata tairi lililomwingia vizuri atarudi kununua tyubu, spoku na mnyororo.

Kwa wakulima na wachuuzi, tunashauri wasinunue mmoja mmoja. Kikundi cha wachuuzi 20 wanaotumia tairi la namba moja kinaweza kununua kwa jumla, kikachagua tairi lenye mwili mnene, na kikawa na sauti ya kurudisha lililopinda. Vyama vya ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo tayari hununua mbolea na mbegu kwa pamoja havitashindwa kununua matairi.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Nasi tunaongeza kwamba ghali nalo halina hakika ya kuupatia. Asubuhi ya siku ya gulio, lori la mnunuzi halitauliza kama tairi lako linakunjika. Litauliza kama umefika. Mwenye mzigo anunue tairi la waya lililonyooka, lenye namba ya rimu yake na mwili wa kubeba gunia lake, na fedha itakayobaki aitie kwenye tyubu.